Chuo cha Udaktari: Mwanafunzi wa Sosiot Achague Kipi?

Nchini Kenya, anayetaka kuwa daktari huamua mapema. Hakuna shahada ya kutangulia, wala miaka ya kujaribu masomo mengine kabla ya kuingia katika tiba. Mwanafunzi humaliza Kidato cha Nne, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, hutoka, na muda si mrefu hufungua tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, na kuandika majina ya kozi na vyuo anavyovitaka. Akipangiwa Shahada ya Tiba na Upasuaji, ameanza safari ambayo kwa kawaida ni ya miaka 6. Akikosa, njia ya kuirudia ipo, lakini ni ndefu na ni ghali. Ndiyo maana saa moja mbele ya kompyuta, mara nyingi katika saiba ya sokoni huku wengine wakisubiri zamu nyuma ya kiti, huwa na uzito mkubwa hivyo katika maisha ya kijana wa miaka 18.

Sosiot, katika eneo la Belgut, Kaunti ya Kericho, ni mahali ambapo chai ndiyo inayolipa karo. Shule za sehemu hii, zikiwemo Sosiot Girls na Kabianga High, huwa na wanafunzi wanaoota koti jeupe tangu Kidato cha Kwanza. Walimu wa kuwafundisha Kemia na Biolojia wapo. Anayekosekana ni mtu wa kuwaeleza tofauti ya chuo kimoja na kingine. Hivyo chaguo hufanywa kwa jina: Nairobi kwa sababu ni Nairobi, Eldoret kwa sababu binamu alisomea huko. Jina la chuo ni jambo dogo kuliko linavyodhaniwa. Mambo yanayomfanya mtu awe daktari mzuri, na amalize masomo yake, ni matatu ambayo fomu haiyaulizi: idhini ya shule, hospitali ambamo mafunzo hufanyika, na fedha za mwaka wa 4, wa 5 na wa 6.

Idhini ndiyo ya kwanza. Chuo kikuu kuwa na hati ya serikali hakutoshi kukipa haki ya kufunza madaktari. Shule ya tiba hukaguliwa na kuidhinishwa na KMPDC, baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno, na mwanafunzi mwenyewe huandikishwa na baraza hilo akiwa bado masomoni. Anayesomea pasipoidhinishwa anaweza kumaliza miaka yote, akavaa joho, akapigwa picha na jamaa zake, kisha asipate kibali cha kumtibu mgonjwa hata mmoja. Orodha ya shule zilizoidhinishwa hutolewa na baraza lenyewe. Hiyo ndiyo ya kusomwa kwanza, kabla ya tangazo lolote la redioni.

Orodha hiyo imerefuka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha shule ya tiba mwaka 1967. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka udaktari alikwenda Makerere nchini Uganda au ng'ambo. Chuo Kikuu cha Moi kilifuata, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza wa tiba mjini Eldoret mwaka 1990. Leo vipo vyuo vya umma kama Kenyatta, Egerton, Maseno, JKUAT, Masinde Muliro na Kisii, na vya binafsi kama Aga Khan, Mount Kenya, Kenya Methodist na Uzima cha Kisumu. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko Belgut hiyo hiyo, na mzazi yeyote angependa mtoto asome karibu na nyumbani. Lakini katika tiba ujirani si kigezo. Chuo kinaweza kuwa na kozi nzuri za afya, kama vile uuguzi, na hilo peke yake lisikifanye shule ya madaktari. Kinachotafutwa katika orodha ni kozi yenyewe, kwa jina lake kamili.

Baada ya idhini huja alama. Ili mwombaji afikiriwe, huhitaji angalau gredi ya B katika Biolojia, B katika Kemia, B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Hicho ni kizingiti tu. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na anayeingia huamuliwa na alama za klasta, ambazo kiwango chake cha juu kabisa ni 48. Katika vyuo vya umma vyenye umri, wa mwisho kuingia katika tiba kwa kawaida huwa amepita 40, na mara nyingi amepita kwa mbali.

Alama hizo huwatatiza wengi, ilhali msingi wake unaeleweka. Huchukuliwa masomo manne ya klasta, kila moja likiwa na pointi zisizozidi 12, na jumla yake ikagawanywa kwa 48. Kisha jumla ya masomo saba yanayohesabiwa katika KCSE hugawanywa kwa 84. Majibu hayo mawili huzidishwa pamoja, kipeuo cha pili kikatafutwa, na kilichopatikana kikazidishwa kwa 48. Tovuti ya KUCCPS humwonyesha kila mtahiniwa alama zake rasmi, ambazo huweza kutofautiana kidogo na hesabu ya daftarini, lakini mwenye kuujua msingi huu huona mapema nguvu yake iko wapi.

Chukua wasichana wawili wa darasa moja. Wote wamepata A katika Biolojia, A- katika Kemia, A katika Hisabati na B+ katika Kiingereza. Masomo yao manne ya klasta yana pointi 45. Wa kwanza ana A- mbili na B+ katika masomo matatu yaliyobaki, na jumla yake ni 77. Wa pili aliyaona matatu hayo kuwa hayahusiani na udaktari. Akapata B moja na B- mbili, jumla yake ikawa 70. Kwa hesabu hiyo ya msingi wa kwanza hupata takriban 44.5, wa pili 42.4. Katika kozi ambayo waombaji hutenganishwa na sehemu ndogo za pointi moja, mbili ni umbali mkubwa. Kwa hiyo Historia au Kilimo, ambavyo mwanafunzi wa sayansi hupenda kuviacha hadi wiki ya mwisho, ndivyo vinavyoweza kumpeleka wodini au kumwacha nje. Tangu KCSE ya 2023 masomo saba yanayohesabiwa ni Hisabati, lugha moja na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi, jambo lililowapa nafuu kidogo waliokuwa na somo moja baya. Hata hivyo hayo matano lazima yapatikane.

Alama za mwisho za kila kozi katika mwaka uliotangulia huonekana kwenye tovuti. Zisomwe kwa uangalifu. Nambari hiyo haikuwekwa na chuo. Ni alama za yule aliyeingia mwisho mwaka huo, na mwaka mwingine hupanda au kushuka kulingana na walioomba. Mwanafunzi mwenye 43.1 asijione salama mahali ambapo wa mwisho alikuwa na 43.0. Kosa linalojirudia ni la kujaza nafasi zote kwa shule zile zile zinazogombaniwa, kana kwamba kurudia ombi ni kulitia nguvu. Busara ni kuwa na shule moja ya kutamani, moja ambayo alama zinalingana nayo, na moja ambayo alama zinaizidi kwa nafasi ya kutosha. Kisha zifuate kozi nyingine za afya ambazo mwanafunzi angezisoma bila kununa. Neno hilo la mwisho lisipuuzwe. Kozi iliyoandikwa kujaza pengo tu inaweza kuwa ndiyo atakayopangiwa.

Sasa hospitali. Mwanafunzi wa tiba hutumia miaka ya mwanzo katika maabara na kumbi za mihadhara: anatomia, fiziolojia, biokemia. Miaka inayobaki huwa wodini, na hapo ndipo vyuo hutengana. Asubuhi, daktari bingwa husimama kando ya kitanda. Mwanafunzi mmoja hueleza habari za mgonjwa: homa ilianza lini, macho yalianza kuwa manjano siku gani, alikunywa dawa gani nyumbani. Kisha bingwa humwambia aweke kiganja chini ya mbavu za kulia, amwombe mgonjwa avute pumzi, alisubiri ini lishuke ligonge vidole. Wanafunzi wakiwa sita, kila mmoja huligusa ini lile, na hatalisahau. Wakiwa thelathini, watano hugusa, na waliobaki huandika walichosikia. Kitabu ni kile kile, shahada itaandikwa maneno yale yale, lakini mikono haikufunzwa sawa.

Wanafunzi wa Nairobi huanzia Chiromo na kuingia wodi za Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, iliyoanza mwaka 1901. Magonjwa yaliyoshindikana kote nchini hupelekwa huko, kwa hiyo mwanafunzi huona mambo ambayo hangeyaona kwingineko. Kwa upande mwingine, hospitali hiyo ina wanafunzi wa kila fani na madaktari wanaosomea ubingwa, na kila mmoja anataka kumkaribia mgonjwa yule yule. Maisha ya Nairobi nayo, kuanzia chumba hadi nauli, ni ghali kwa mtoto wa mkulima.

Eldoret ina sifa yake. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilianza mwaka 1917 ikiwa hospitali ndogo, na leo hupokea wagonjwa kutoka magharibi yote ya Kenya. Tangu mwanzo shule yake ya tiba ilijijenga juu ya njia ya kujifunza kwa kutatua matatizo: kikundi kidogo hupewa kisa cha mgonjwa, na wanafunzi wenyewe hutafuta maarifa yanayohitajika kukifumbua. Tena, tangu mwaka wa kwanza hutumwa vituo vya afya vya mashambani chini ya mpango unaojulikana kama COBES, wakahesabu visima, wakapima watoto, wakajua kwa nini mama hakufika kliniki. Ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani ulizaa mpango wa AMPATH mwaka 2001, uliojulikana duniani kwa kutibu wenye virusi vya UKIMWI katika sehemu hizi. Kwa kijana anayekusudia kurudi kuhudumia watu wa mashamba ya chai, mafunzo ya namna hii yana faida ambayo jiji haliwezi kuitoa. Lakini anayehitaji kuelekezwa kila hatua hupata taabu mwanzoni, kwa kuwa njia hiyo humtegemea mwanafunzi ajitafutie.

Kisumu, kiasi cha kilomita 80 kutoka mjini Kericho, wanafunzi wa Maseno hufunzwa katika Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Malaria kali na ugonjwa wa selimundu, ambavyo katika baridi ya Kericho huonekana kwa nadra zaidi, huko ni kazi ya kila siku. Wanafunzi wa Egerton hufanya mafunzo yao Nakuru, katika hospitali kuu ya kaunti, na wale wa Chuo Kikuu cha Kisii katika hospitali ya rufaa ya mji huo. Miji yote mitatu inafikika kwa matatu kutoka Kericho kwa saa chache, jambo linalopunguza gharama na upweke. Mahali pengine jina hupotosha. Hospitali ya rufaa inayoitwa kwa jina la Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, iliundwa kuwa shirika la serikali lenye bodi yake. Hivyo jina lililo langoni si jibu la swali la mwanafunzi atafunzwa wapi; swali hilo liulizwe lenyewe.

Wa kuulizwa ni wanafunzi wa mwaka wa 4 na wa 5, si wale wa kwanza ambao bado wanashangaa. Wao ndio wanaojua vikundi vya wodini vina watu wangapi, mabingwa hufika raundi au huwaachia wanafunzi wajifunze wenyewe, bweni liko umbali gani na hospitali usiku wa zamu, na wale waliowatangulia walimaliza kwa miaka mingapi. Swali la miaka si la kubeza. Migomo ya wahadhiri na ya madaktari imewahi kusimamisha masomo kwa wiki na miezi, na kila muhula unaoahirishwa ni kodi ya nyumba inayolipwa bila mtihani kufanywa.

Hapo ndipo fedha huingia. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 humpa mwanafunzi wa chuo cha umma msaada wa aina mbili, ufadhili usiorudishwa na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na familia hulipa sehemu iliyobaki. Kiasi hutegemea bendi anayowekwa mwanafunzi baada ya kueleza hali ya nyumbani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa mfumo huo unakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Tiba ni miongoni mwa kozi za bei ya juu kabisa: mfumo ulipoanza, gharama yake kwa mwaka mmoja ilitajwa kuwa takriban Sh600,000. Bendi moja juu au chini inaweza kuwa tofauti ya makumi ya maelfu kwa familia, mwaka baada ya mwaka.

Fomu ya kueleza hali ya nyumbani ijazwe kwa makini kuliko fomu nyingine zote. Mkulima mwenye ekari moja na nusu ya chai huonekana tajiri kwa asiyejua, kwa sababu jina lake liko katika vitabu vya kiwanda na hulipwa kila mwezi. Hati za malipo ya majani, idadi ya watoto walio shuleni na mikopo ya sacco inayokatwa ndivyo vinavyoonyesha ukweli, na vinafaa kuwa tayari kabla ya tovuti kufunguliwa. Mwenye kuona amewekwa bendi isiyomfaa ana haki ya kukata rufaa. Kuna pia suala la kalenda. Vyuo hupokea wanafunzi wapya karibu Agosti na Septemba, ilhali bonasi ya chai hulipwa karibu Oktoba. Familia inayotegemea bonasi hupaswa kujua mapema itaziba vipi pengo hilo la wiki sita au nane, kwa basari ya NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, basari ya kaunti au mkopo wa sacco. Harambee huweza kumfikisha mtoto chuoni kwa shangwe, lakini mwaka wa 3 hakuna anayeitisha harambee.

Kuhusu vyuo vya binafsi, jambo moja litangulie mengine: chini ya mfumo wa 2023 mwanafunzi wa chuo cha binafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ufadhili wa serikali usiorudishwa haumfikii. Vipo vyuo vya binafsi vinavyofunza vizuri, vyenye vikundi vidogo na ratiba isiyokatizwa. Hata hivyo familia inayouza shamba kulipia mwaka wa 1 na wa 2, ikitumaini Mungu atafungua njia kwa minne iliyosalia, humtia mtoto katika hatari kubwa kuliko ile ya kukosa nafasi. Nusu ya shahada ya tiba haimpi mtu kazi yoyote.

Hesabu hiyo isiishie kwenye mahafali. Baada ya shahada daktari hutumikia mwaka mmoja akiwa mwanagenzi katika hospitali iliyokubaliwa, ndipo apewe leseni. Kupangiwa hospitali na kulipwa katika mwaka huo kumekuwa na mvutano. Makubaliano ya 2017 kati ya serikali na chama cha madaktari yaliweka malipo ya mwanagenzi kuwa zaidi ya Sh200,000 kwa mwezi. Serikali ilipotaka kuyashusha hadi Sh70,000, suala hilo likawa miongoni mwa yaliyowasha mgomo wa siku 56 mwaka 2024. Mzazi anayedhani mshahara utaanza siku ya kuvua joho aongeze muda katika mpango wake.

Kwa aliyekosa alama, milango haijafungwa yote. Ufamasia, uganga wa meno, uuguzi na sayansi ya maabara ni taaluma zenye heshima na leseni zake. Diploma ya tiba ya kliniki, inayotolewa na KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, huchukua miaka 3 na kufuatiwa na mafunzo ya hospitalini, na maafisa wa kliniki ndio wanaowaona wagonjwa wengi katika vituo vya afya vya Belgut na Bureti. KMTC, iliyoanza mwaka 1927, ina kampasi mjini Kericho. Afisa wa kliniki mwenye diploma nzuri anaweza baadaye kuomba kuingia shule ya tiba, ingawa mara nyingi kwa kujilipia. Ni njia ndefu, lakini wanaopitia humo hufika wodini wakiwa tayari wanajua kuongea na mgonjwa.

Wapo wanaofikiria nje ya nchi. Makerere ilianza kufunza tiba mwaka 1924, na hadi leo Wakenya husomea Uganda. Kikwazo ni kwamba Uganda hudai kidato cha sita, kwa hiyo mwenye KCSE hulazimika kusoma kwanza kozi ya kumwandaa. Wengine huenda China, Urusi au India kupitia mawakala. Kwa shule yoyote ya ng'ambo yaulizwe mambo mawili kabla ya kulipa senti: KMPDC inaitambua? Na wodini, wagonjwa wanazungumza lugha gani? Aliyefunzwa darasani kwa Kiingereza na kutumwa kwa mgonjwa asiyekijua hujifunza nusu. Akirudi Kenya hukabiliwa na mtihani wa baraza kabla ya kuanza kazi.

Marekani ni habari nyingine kabisa. Huko tiba husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kijana husoma miaka 4 fani yoyote, akihakikisha amepita Biolojia, Kemia, Kemia ya kaboni, Fizikia na Biokemia. Hali hiyo ya kujiandaa ndiyo inayoitwa premed, na si shahada. Kisha hufanya mtihani wa MCAT, wenye alama za juu 528, na kuomba shule ya tiba ya miaka 4 mingine. Bonde la Ufa lina historia yake katika safari hii. Mwaka 2004 mwandishi wa habari John Manners na Mike Boit, aliyeshinda nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, walianzisha mpango wa KenSAP, uliowapeleka vijana wa sehemu hizi katika vyuo vikubwa vya Marekani kwa ufadhili kamili.

Kwa mwenye nafasi hiyo, ushauri hubadilika. Kwanza, atafute vyuo ambavyo havimbagui mgeni kwa umaskini wake, na ambavyo hulipia mahitaji yote ya aliyekubaliwa. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo kwa muda mrefu. Pili, asivutwe na chuo kinachojisifu kwamba karibu wanafunzi wake wote walioomba shule za tiba walikubaliwa. Baadhi ya vyuo huwachuja mapema, vikawanyima barua ya kuwaunga mkono wenye alama za kawaida, ili asilimia ibaki ya kupendeza. Swali la maana ni wangapi walianza wakitaka udaktari, na wangapi walifika. Tatu, na hili ndilo zito, shule nyingi za tiba za Marekani hazipokei wasio raia au wakazi wa kudumu, na zinazowapokea hudai fedha nyingi. Kijana anaweza kumaliza Biolojia kwa alama za juu na kujikuta hana pa kuingia. Shahada hiyo haimfanyi daktari Kenya. Akirudi ataanza mwaka wa 1 pamoja na waliokuwa darasa la 8 alipoondoka. Anayetaka hasa kuwa daktari wa Kericho, na amepata alama za Eldoret au Kisumu, aende Eldoret au Kisumu.

Yaliyoelezwa hapa juu ya KCSE yana mwisho unaojulikana. Watoto wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na huko husoma kwa mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Anayeutaka udaktari huhitaji mkondo wa sayansi, wenye Biolojia na Kemia ndani yake, na mkondo huo huchaguliwa akiwa Gredi ya 9, kabla hata hajavaa sare ya shule ya upili. Mzazi wa Sosiot mwenye mtoto wa Gredi ya 8 leo hana miaka minne ya kungoja. Chaguo lililokuwa likifanywa katika umri wa miaka 18 sasa huanza kufanywa katika umri wa miaka 15 au chini yake, na KCSE ya mwisho itakuwa ya mwaka 2027.